Mwaka Aliokufa Bi Loretta kwa Mara ya Kwanza

Niliisikia nyumba kabla sijaiona. Ilikuwa asubuhi ya Januari, ukungu umeimeza barabara, miti na hata pua ya gari la Njoroge, mpangaji aliyekuja kunichukua, nasi tumesimama mahali ambapo yeye aliapa ndipo penyewe. Nilikuwa na sanduku mkononi na shaka moyoni. Mara ukasikika mporomoko wa mbao, tarara-tarara-tarara, kisha pwaa moja nzito iliyonirusha nyuma. Baada ya pwaa ikaja sauti ya mwanamke, nene, ikigomba kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Gogo lisilo na adabu wewe! Leo tena umevikosa vidole vyangu!" Njoroge akacheka ndani ya ukungu. "Huyo ndiye landlady wako," akaniambia. "Anafunga baa."

Sauti hiyo imenirudia mwezi uliopita, picha ya Bi Loretta ilipoletwa kwenye kundi letu la simu, peke yake, bila neno. Kundi hilo ni la Watanzania, Wakenya na Wakongo waliotawanyika kuanzia Wheaton, Maryland, mpaka Columbia Heights, na wote wanajua maana ya picha ya mtu mzima iliyoletwa bila neno. Lakini safari hii hakuna aliyekimbilia kuandika pole. Kwanza lilikuja swali moja, kisha jingine, kisha yakamiminika: Hakika? Nani amethibitisha? Kuna aliyemwona kwa macho? Ilibidi binti yake, Denise, aandike mwenyewe kwamba ndiyo, jamani, mara hii ni kweli, mama amefariki usingizini. Nililia. Katikati ya kulia nikajikuta nacheka, na mume wangu akanitazama kama anayejiuliza amwite daktari yupi. Nikamwambia, kaa hapa, nikueleze.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwanafunzi, na nilichotafuta ni chumba cha kodi nafuu karibu na basi la kwenda stesheni ya Wheaton. Nilichopata ni baa ya kijiji. Kijiji chenyewe kilikuwa kimekwisha kuliwa na vitongoji. Kilichobaki ni kanisa dogo, makaburi yake, na nyumba hii ya mawe ya hudhurungi, ya ghorofa moja, iliyosogea mpaka ukingoni mwa barabara hivi kwamba basi likipita vikombe viligongana kabatini. Ilijengwa hivyo makusudi, maana wateja wake walikuja na farasi na mikokoteni, nao hawakuwa watu wa kutembea mbali kutafuta kinywaji. Ukungu ulipoinuka niliona kile ambacho kila mgeni hukiona kwanza: milango miwili ya mbele, inayofanana, imekaa bega kwa bega chini ya paa moja la baraza. Mimi nimekulia Tanga, sikuhitaji kuelezwa. "Huu wa wanaume, huu wa wanawake," nilimwambia Bi Loretta hata kabla sijavua koti.

Alikuwa mwanamke Mmarekani mweusi, mrefu, nywele nyeupe alizozikata karibu na kichwa, na hereni pana ambazo nilikuja kugundua kwamba hazivui hata akilala. Umri wake alisema ni sitini na kitu, na hicho kitu hakutaka kukitaja. "Miaka yote hii nawaeleza wageni habari ya milango hii mpaka mate yanakauka," akasema. "Wewe umeingia na sanduku, ukanieleza mimi." Kisha akanionyesha. Mlango wa kushoto ulikuwa wa baa. Mlango huo haukuwa na hodi. Aliyekuja aliusukuma tu, awe mpita njia, mchunga nguruwe au mwanakijiji aliyegombana na mkewe. Wa kulia ulikuwa wa familia ya mwenye nyumba na wasafiri waliokuja na wake zao, na hapo ulibisha. Kati ya chumba cha kushoto na sebule ya kulia palisimama ukuta wa mawe usio na tundu, ili mlevi asipotee njia akaangukia mapajani mwa bibi wa watu.

Kitu pekee kilichozigusa pande zote mbili kilikuwa kizimba. Nakiita hivyo kwa sababu ndivyo tulivyokiita sote. Pembeni mwa chumba cha baa palikuwa na kibanda cha mbao, kikubwa kiasi cha dirisha la kukatia tiketi, chenye kaunta mbele yenye ubao wa kuinuliwa, na juu ya kaunta wavu wa fito nene uliopandishwa darini kwa kamba. Muuza baa alisimama ndani yake na chupa zake. Usiku ukifika, au ugomvi ukianza, aliuachia wavu ukashuka mpaka kwenye kaunta, na hakuna mkono uliofika kwenye chupa. Nyuma ya kizimba, upande wa jikoni, palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Bi Loretta alikunywa kahawa yake kila asubuhi kwenye kaunta ile, amekaa upande wa wateja kwenye kigoda kirefu, na akimaliza aliuporomosha wavu, tarara mpaka pwaa. Ndicho nilichokisikia. Nilipomuuliza kwa nini, akanijibu kwa mshangao: "Si nimeshakunywa?"

Nilichukua wiki kuzoea jinsi nyumba ile ilivyokaa. Miguu yangu ilitafuta korido ya katikati, vyumba huku na huku, na mwisho wake ua wenye kamba ya nguo na anga juu. Hapakuwa na korido wala ua. Ukitaka kutoka chumba cha baa kwenda jikoni, ulitoka nje barazani, ukaingia kwa mlango wa kulia, ukapita sebuleni, na mvua ikinyesha kahawa yako iliongezewa maji. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba madirisha yalikuwa na vibaraza vya ndani ambavyo mtu mzima aliweza kukalia na kusoma, na mawe yale yalimeza kila kitu: joto la Julai, kelele za barabara, na mtandao wa simu, uliopatikana kwenye dirisha moja tu la sebuleni tukilipokezana. Boriti za dari zilikuwa chini, nyeusi, zimechongwa kwa shoka. Njoroge alijigonga kila siku na kila siku alizitukana kwa lugha mpya.

Bi Loretta alijifunza Kiswahili chuoni katika ujana wake, miaka ambayo vijana weusi wa Marekani walifuga nywele na kubadili majina, kisha akaenda Morogoro kufundisha. Aliporudi akafanya utaratibu ambao hakuuvunja: vyumba vya juu alivipangisha kwa Waswahili tu, na mezani ilizungumzwa lugha moja. Mwaka ule tulikuwa watatu. Njoroge, wa Kiambu, alikuwa fundi wa kufunga makabati ya jikoni na msema hovyo aliyejaliwa. Mama Chantal, wa Bukavu, alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na alikuwa akirudi asubuhi na viatu mkononi. Wa tatu mimi. Kila mpangaji aliyewahi kupita alikuwa amemwachia Bi Loretta kipande cha Kiswahili chake, kwa hiyo aliweza kuanza sentensi Morogoro, akapita Nairobi, akaimalizia Bukavu, huku anakorofishana na chumvi.

"Shosh, hii sukuma wiki umeweka nini?" Njoroge angeuliza, akimwita bibi kwa Kinairobi chake, mdomo umejaa.

"Si sukuma. Ni mboga za bibi yangu, na hiyo ni nyama ya bata mzinga iliyokaushwa kwa moshi. Kula, acha udaku."

"Maman Loretta," Mama Chantal angesema kwa upole wa kuua, "ni bien. Lakini kesho nitapika sombe, batu bakumbuke chakula ni nini."

Hivyo ndivyo tulivyokula: mboga za Maryland kwa ugali wangu, sombe, kisamvu cha Wakongo, juu ya mkate wa mahindi, chapati za Njoroge zilizoungua upande mmoja, naye akidai huo ndio upande wa nje.

Mwezi Machi Bi Loretta akaanguka. Ngazi za nyumba ile hazikuonekana. Zilifichwa ndani ya ukuta kando ya meko, nyuma ya mlango uliodhaniwa wa kabati, zikipanda kwa kujipinda, kila kidato kipana upande mmoja na chembamba upande mwingine kama kipande cha chungwa. Aliteleza na sinia ya chai. Tulimkuta ameketi chini, mguu umevimba, hereni moja imo kwenye bakuli la sukari, naye anacheka ili tusipige kelele. Denise alifika kutoka mji wa jirani wa Columbia kabla barafu haijayeyuka kwenye kitambaa. Alikuwa mwanasheria, mwenye mwendo wa haraka na macho ya mama yake. Alikulia katika nyumba ile katikati ya wapangaji, kwa hiyo Kiswahili alikisikia chote; ila alijibu kwa Kiingereza, siku zote, kama watoto wetu wanavyofanya sasa.

Alisema, kwa Kiingereza chake kilichopangwa vizuri, kwamba amekwisha kuandaa chumba kwake, kina dirisha la kutazama ziwa, na jengo lina lifti.

"Lifti ya kwenda wapi?" akauliza mama yake. "Mimi niko nyumbani."

Denise akasema hafanyi mzaha. Ama mama alale vyumba vya chini, ama yeye aje na gari kumhamisha kabla baridi haijarudi. Aliposema hivyo sauti yake ilikatika, na akajifanya anakohoa. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona hakuwa na hasira hata kidogo. Aliogopa.

Kulala chini ilikuwa rahisi kutamka. Chini palikuwa na vyumba viwili. Sebule ya kulia ilikuwa njia ya kila mtu. Kilichobaki ni chumba cha baa, kikubwa, chenye jua la asubuhi. Lakini choo cha chini kilikuwa nyuma ya jikoni, na kutoka chumba cha baa hadi jikoni ni kupitia nje. Usingeweza kumtoa mama wa sitini na kitu barazani kwenye theluji kila akitaka kwenda haja. Nje tusingeweza kuongeza hata msumari, kwani nyumba ilikuwa kwenye orodha ya majengo ya kale na kaunti ililinda sura yake ya mbele. Ndani ilikuwa juu yetu. Njoroge akapima kwa macho. "Simple," akasema. "Tunavunja huu upande wa nyuma wa hiki kizimba, jikoni hii hapa. Nipe asubuhi moja tu."

"Ukikigusa," Bi Loretta akamwambia, "utahama wewe kabla yangu."

Jioni hiyo ndipo nilipojua kwa nini. Alinipeleka jikoni, akanishika mkono, akauweka juu ya ubao wa kidirisha. Katikati ubao ulikuwa umeliwa, umefanya bonde laini kama kiganja. "Hili limechimbwa na sahani," akasema. "Na aliyezisukuma sahani ni bibi yangu, mama wa mama." Bibi yake alipika katika baa ile tangu akiwa msichana hadi alipopooza mkono. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa ile ya mbele haikuwa ya watu weusi. Wanywaji wa upande wa pili walizijua sahani zake, hawakuujua uso wake. Baa ilipokufa na nyumba ikawa inauzwa, Bi Loretta na mumewe waliinunua wakati hakuna aliyeitaka. Siku ya kwanza alipewa funguo mbili. Akaingia kwa mlango wa kulia, akatoka, akaingia wa kushoto, akatoka, akaingia tena wa kulia, akazunguka hivyo mpaka mumewe akaketi barazani na kusema, haya, nitakuletea chakula humo humo njiani. Alisimulia hilo huku anacheka, nami nikacheka, mkono wangu ukiwa bado ndani ya lile bonde la ubao. Nilielewa basi jinsi alivyobanwa: ili abaki katika nyumba ile ilibidi avunje kile kilichomfanya atake kubaki. Hakuweza. Na baridi ingerudi, na Denise alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Majira ya kiangazi yakapita hivyo. Tulikuwa wachangamfu, lakini kila mtu alikuwa akiipima ile ngazi kwa sikio. Akipanda Bi Loretta, mezani tulinyamaza mpaka tusikie mlango wa juu. Siku moja mwezi Agosti tunakula mahindi ya kuchemsha jikoni, siagi imetufika viwikoni, nikamwaza yule muuza baa wa kale ambaye sikuwahi kumwona, amesimama ndani ya kizimba chake, wavu umeshuka, chupa ziko salama. Nikauliza, "Yeye mwenyewe alitokaje?"

"Nani?"

"Muuza baa. Wavu umeshuka, ubao wa kaunta hauinuki. Alilala humo?"

Njoroge akaacha kutafuna. "Alipenya kwenye fito."

"Kila siku? Na trei ya glasi mkononi?"

"Alikuwa mwembamba."

"Muuza baa mwembamba!" Mama Chantal akapiga makofi. "Dis donc, huyo hajaonekana bado!"

Bi Loretta hakucheka. Aliweka hindi lake chini, akainuka, akaenda kusimama mbele ya ubao wa nyuma wa kizimba, upande wa jikoni, chini ya kidirisha. Ulikuwa umepakwa rangi juu ya rangi mpaka ukawa kama keki. Alipitisha kucha ukingoni. Kisha akamwambia Njoroge bila kugeuka, "Lete kisu bapa. Ukwangue, usikate. Nimesema ukwangue."

Alikwangua siku mbili, Bi Loretta amekaa nyuma yake kama msimamizi wa mtihani. Nyeupe ikatoka, chini yake kijani cha hospitali, chini yake samawati, chini yake nyekundu iliyokauka kama udongo. Ndipo zikatokea bawaba, mbili, za chuma kilichofuliwa kwa mkono, zimelala ndani ya mbao. Ule ubao wote ulikuwa mlango. Kidirisha kilikatwa ndani ya mlango wenyewe, na kile tulichodhani ni ukuta kilikuwa kimesimama pale muda wote kikisubiri kusukumwa. Njoroge akazitia mafuta, akaegemea kwa bega. Ukalia, ukasita, ukafunguka, na jua la chumba cha baa likaingia jikoni mpaka kwenye sinki. Bi Loretta alijifuta mikono kwenye aproni ingawa haikuwa na kitu, akatoka jikoni, akapita ndani ya kizimba, akapandisha wavu, akainua ubao wa kaunta, akatokea upande wa pili penye kigoda chake. Kisha akarudi. Kisha akaenda tena. "Mpikieni huyu kijana kitu," akasema kutoka huko. "Chochote anachotaka."

Kilichobaki ni kitanda. Alikataa kulala kwenye kingine. Kilikuwa cha mwaloni, kizito, na hakuna aliyejua kilifikaje juu. Kwenye ile ngazi kisingepita hata kipande. Njoroge akasema kitatoka kwa dirisha la juu, kwa kamba, na tutahitaji wanaume wa kutosha. Mama Chantal akasema wanaume wapo, ni kuwaita. Tulipanga iwe Jumamosi ile ile ambayo Denise alikuwa amesema atakuja na gari, ili afike akute mama yake amekwisha kuhamia chini.

Mama Chantal aliwaita hivi. Jioni ya Ijumaa, akikimbilia kazini, alisimama jikoni na simu yake akatuma kwenye kundi picha aliyoipenda ya Bi Loretta, ile ya ujanani, nyeusi na nyeupe, nywele zimeumuka kama mwezi mpevu. Kisha akatuma: Muje bote Jumamosi asubuhi, nyumbani kwake. Kisha akaandika maneno marefu kuhusu kitanda, kamba na watu wenye nguvu, akabonyeza, akaitupa simu mkobani. Mawe ya jikoni yaliachia picha ipite. Yakaachia na mwaliko. Maneno ya kitanda yakayameza. Mimi nilikuwa na mitihani, nimelizima kundi. Njoroge aliondolewa zamani kwa kutangaza makabati yake kila siku. Na simu ya Mama Chantal ilizimika kwa kukosa chaji ndani ya kabati la wafanyakazi.

Jumamosi nilikuwa juu na Njoroge tunang'oa fremu ya dirisha nilipoona magari. Yalikuwa yamepangana kando ya barabara mpaka kanisani. "Wah," Njoroge akasema. "Huyu mama ana nguvu ya kuita." Nilishuka, nikafungua mlango wa kulia, na mama mmoja wa Columbia Heights, ambaye nilimfahamu kwa maandazi yake, akaniangukia kifuani.

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Asante, mama. Anaendelea vizuri."

Akajitoa kifuani. "Anaendelea?"

"Ndiyo. Anaoga, atashuka sasa hivi."

"Nani anamwosha?"

"Anajiosha mwenyewe," nikasema, nikianza kuona leso nyeusi, birika za chai, sufuria zilizofungwa kwa vitambaa, mikeka iliyokunjwa kwapani. Nyuma yake akina mama wa Kikatoliki walikuwa wameanza kuimba kwa sauti ya chini. Wanaume, bila kuelekezwa na mtu, walikuwa wamesukuma mlango wa kushoto na kuketi kimya kwenye mabenchi ya baa, kofia magotini. Wanawake wamejaa sebuleni upande wa kulia, na sufuria ya kwanza ya pilau imekwisha kufika kwenye kidirisha. Nilisimama pale mlangoni, na hata katika hofu ile nikaona ajabu yake: nyumba ilikuwa imewapokea kana kwamba ilijengwa kwa ajili ya msiba wa Waswahili.

Mlango wa ngazi ukafunguka. Bi Loretta, ndani ya kitenge cha njano na hereni zake, akasimama kwenye kidato cha mwisho. Wimbo ukakatika.

"Kuna nini?" akauliza. "Nani amekufa?"

Mzee mmoja wa Pemba aliyekuwa amechungulia kutoka barazani akamjibu. "Wewe."

"Mimi?"

"Tangu jana."

Bi Loretta akafikiri. "Basi nimechelewa," akasema. "Nipisheni niwapokee wageni."

Alipita katikati yao, jikoni, mlango wa muuza baa, akavuta kamba ya wavu. Upande wa pili wanaume waliona fito zinapanda na marehemu anatokea nyuma ya kaunta, na wawili walikuwa nje kabla wavu haujafika juu. Kisha kicheko kikaanza upande wa wanawake, kikapitia kidirishani, kikawajaza wanaume, mpaka basi lililopita barabarani lilipunguza mwendo. "Waliokuja kulia wakae kulia, waliokuja kula wakae kushoto," Bi Loretta alitangaza, birika mkononi. "Na wewe uliyekimbia, rudi, nimekuona kiatu." Mama Chantal, aliyefika saa hiyo kutoka kazini, alikaa kwenye ngazi na kujifunika uso kwa aproni. "Mungu yangu, nimeua mutu," alirudia, mabega yanamtetemeka, na ilibidi nimfunue ili nijue analia au anacheka. Alikuwa anafanya vyote.

Katikati ya hayo akafika Denise. Nilimwona kwa dirisha. Aliegesha gari la mizigo nyuma ya yale mengine, akashuka na maboksi ya kuhamishia yaliyokunjwa, yamefungwa kwa kamba, akainua uso. Aliona magari, leso nyeusi, wazee wa barazani. Alisimama tu. Maboksi yakamtoka mkononi, akatembea kuelekea mlango wa kushoto kama mtu anayetembea ndani ya maji, watu wakimpisha, hakuna aliyewahi kumwambia kitu, na akaingia. Mama yake alikuwa anamimina chai.

"Karibu, Denise," akasema. "Sijafa."

Denise aliinama juu ya kaunta akamshika mama yake kwa mikono yote miwili, chai ikamwagika, na hakumwachia mpaka wanaume wakaanza kutazama dari. Alipomwachia akagomba, kwa Kiingereza, kwa muda mrefu na kwa haki. Wote waliomba radhi, hata wasiohusika. Kisha mzee wa Pemba akauliza kwa unyenyekevu kama kuna kazi yoyote, maana watu wamekuja na nguvu zao, na ndivyo waombolezaji walivyokiteremsha kitanda kwa dirisha la juu, kwa kamba na kwa kelele, kila mmoja nahodha, akina mama wakielekeza kutoka chini na Njoroge akiapa kwa boriti zote alizowahi kuzigonga.

Adhuhuri ilipopita, watu walikuwa wamepungua na mimi naosha vikombe jikoni. Mlango wa kizimba ulikuwa umeegemezwa. Waliketi upande wa pili, mama kitandani, binti kwenye kigoda, na niliwasikia bila kutaka, na baadaye kwa kutaka.

"Pale barabarani nilikuwa sina mama," Denise akasema. Ilinichukua muda kutambua ni kwa nini nimeacha kusugua. Alikuwa anasema Kiswahili, polepole, kwa lafudhi ya kila mpangaji aliyewahi kuishi pale. "Sitaki tena hivyo."

"Siku moja utakuwa huna. Hilo siwezi kukuahidi."

"Najua. Sitaki ngazi ndiyo iamue."

"Haitaamua. Mimi ni mtu wa chini sasa."

"Na ukianguka hapa chini?"

"Hawa?" Bi Loretta akasema. "Hawa watanizika kabla sijafika sakafuni."

Kisha Denise akaanza kucheka, na kicheko kile kikawa na machozi ndani yake, na mama yake akamwacha akimalize.

"Nionyeshe," Denise akasema mwishowe. "Unavyokwenda."

Nilisogea kwenye sinki. Bi Loretta akatokea ndani ya kizimba, akapita jikoni bila kunitazama, akaenda mpaka nyuma, akarudi, na Denise alimfuata njia nzima, mkono ameunyosha mgongoni mwa mama yake bila kumgusa. Walifanya hivyo tena, mara hii Denise akiwa amefumba macho, kama anayeipima njia ya gizani. Alipoyafumbua akasema, "Utanipigia kila siku. Si wao. Wewe."

"Nitakupigia mpaka unizuie."

Mama Chantal alimfungashia pilau, sombe na sahani ya mboga za bibi. Denise akavaa koti, akambusu mama yake kwenye paji la uso, akanipungia mkono na kusema asante. Njoroge alikuwa ameyaokota yale maboksi barabarani na kuyaegemeza ukutani, kamba zake zikiwa bado hazijaguswa. Denise akayachukua, akayaweka kwapani pamoja na sufuria, akatoka, na mlango akaufunga nyuma yake kwa kisigino.